Wanaouziwa viwanja vya "mji wa kijani" Mtwara na Lindi: cheti mnachoonyeshwa ni cha nini hasa?

Mikindani Damu:

Wakuu habari za jioni. Matangazo ya viwanja huku kwetu kusini yamekuwa mengi kweli, Naliendele, Mangamba, Msijute, ukienda Lindi kuna Ngongo na Mitwero, na sasa hivi neno lililoingia mjini ni kijani. Mji wa kijani, makazi rafiki kwa mazingira, mtaa wenye cheti cha kimataifa. Kazi yangu ni michoro ya mipango miji, nachora na nafuatilia mpaka bikoni (alama za mipaka) zinapigwa, kwahiyo ndugu na majirani wananitumia hayo matangazo wananiuliza hii ni kweli au ni maneno ya dalali tu. Nimeona niandike hapa yote kwa pamoja maana jambo lenyewe linaniuma, mtu anachukua hela ya korosho ya msimu mzima anaenda kulipia karatasi ambayo hajui inasema nini.

Cha kwanza mjue kwamba hicho "cheti cha mazingira" kinaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa.

Kuna cheti cha EIA, hiki kinatolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Maana yake mradi umefanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na umeruhusiwa kuendelea kwa masharti yaliyoandikwa. Hiyo ni ruhusa ya kisheria, sio tuzo ya uzuri. Akikuonyesha hicho mwambie akupe na masharti yaliyoambatana nacho usome, humo ndio utaona maji ya mvua yaende wapi na taka zifanyweje.

Kuna EDGE, ya IFC ambao wako chini ya Benki ya Dunia. Hii inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya hewa ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la sehemu hiyo. Ni cheti kizuri, lakini ni cha JENGO. Ofisi ya mauzo pale getini inaweza kuwa na EDGE na viwanja vyote vya nyuma yake visiwe na kitu.

Alafu ndio vinakuja vyeti vya mtaa mzima. Waingereza wana BREEAM Communities, Wamarekani wana LEED ND. Hii LEED ND ilitengenezwa na taasisi tatu za kwao, USGBC, Congress for the New Urbanism na NRDC, ikaanza kujaribiwa 2007 na kutoka rasmi 2010. Pointi zote ni 110, ukifika 40 unapewa cheti, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Ila kabla haijahesabiwa pointi hata moja kuna masharti ya lazima, ukikosa moja umetoka. Na hayo masharti hayaanzi na sola wala maua ya getini, yanaanza kwa kuuliza mtaa umeuweka wapi. Uko kwenye njia ya mafuriko? Umefukia ardhi oevu? Umemaliza ardhi nzuri ya kilimo? Umepakana na mji uliopo au umeruka porini peke yako? Barabara zako zinaungana na za jirani? Mtu anaweza kutembea kwa mguu mpaka dukani?

Ndio maana mimi msimamo wangu ni huu, mtaa unakuwa wa kijani au unaharibika siku mchoro unapochorwa. Cheti kinakuja baadae kusoma kile ambacho mchoro umeshaamua. Kwahiyo wewe mnunuzi ombi lako la kwanza liwe mchoro, sio cheti. Mwenye maswali aweke hapa, nitajibu ninachokijua.

Chuno Kwetu:

Mkuu umeelezea vizuri ila mimi naona haya mavyeti hayatuhusu. Mtaa wetu hauna hata mtaro wa maji, mtu ana watoto wanne amepanga vyumba viwili anatafuta sehemu ya kujisitiri, leo umwambie habari za platinamu. Na gharama za hivyo vyeti atakayelipa ni nani kama sio mimi kwenye bei ya kiwanja? Wakatoe huko Masaki na Oysterbay.

Mikindani Damu:

Kaka Chuno hilo la gharama uko sahihi, mwendelezaji, yani mwenye mradi, akilipia cheti atakirudisha kwenye bei, hawezi kukubali hasara. Ndio maana sijasema mdai cheti. Nimesema chukueni maswali ya hicho cheti, maswali ni bure.

Na nikwambie kitu kimoja ambacho watu wengi hawakitegemei. LEED ND wana sharti la ujazo, nyumba zisipungue 17 na nusu kwa kila hekta ya ardhi ya makazi inayojengeka, na kama mtaa una usafiri wa umma wa kutosha wanataka zaidi ya hapo. Sasa piga hesabu ya kwetu. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, hekta moja ukiondoa barabara inakupa viwanja 25. Kiwanja cha mita za mraba 1,200 kinakupa 8 tu. Maana yake kwa upande wa ujazo mitaa ya Majengo na Chikongola inapita, na hizo projekti za viwanja vikubwa vyenye ukuta na geti ndio zinaanguka. Mikindani mjini kwetu nyumba zimebanana, vichochoro vina kivuli, msikiti, soko na shule vyote unaenda kwa miguu, wazee wetu walijenga hivyo bila kuambiwa na mtu. Mitaa ya namna hii inachokosa ni mtaro, maji salama na mahali pa kupeleka taka. Kwahiyo yanatuhusu sana, tena yanatuhusu kuliko wa Masaki.

Mama Swaumu Kiyangu:

Asalaam alaykum wanangu. Mie naomba niongelee hilo la maji maana ndio ugonjwa wetu huku bondeni. Tulipimiwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane huku Mtwara kila kiwanja kizuri, mchanga mkavu, upepo unavuma, unaona hapa ndio pa kufia. Mvua ikishuka mwezi wa kwanza maji yanakuja kutoka kule juu yote yanaingia kwetu, yanakaa, hayana pa kwenda, shimo la choo linajaa linatapika uani, watoto wanapita humohumo kwenda shule. Kwenye ukuta wangu wa sebuleni kuna mstari wa maji, nimepaka rangi lakini ukija masika unarudi palepale usawa wa goti. Walioko juu walipojenga waliweka sakafu ya zege uwanja mzima na kila mmoja akatoboa ukuta maji yake yatoke nje. Simlaumu mtu mmoja mmoja, kila mtu anaokoa nyumba yake. Lakini nani alipanga maji ya wote hawa yaende wapi? Hapo ndio nataka mwanangu unijibu.

Mikindani Damu:

Mama shikamoo. Hilo swali lako ndio kiini cha uzi wote huu na pole sana kwa hiyo hali.

Jibu ni kwamba alitakiwa apange mchoraji. Maji yana barabara yao kabla yetu sisi hatujafika, na kwenye mchoro njia ya maji inatakiwa ionekane kama mkuza, yani ukanda ulioachwa wazi, na upana wake, imepigwa bikoni kama kiwanja kinavyopigwa, isiwe na namba ya kuuzwa. Tatizo letu kubwa eneo likigawanywa na mwenye shamba mwenyewe kwa kamba, lile bonde nalo linakatwa vipande kwasababu ni hela imelala pale. Urasimishaji (kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango) ukija baadae unakuta nyumba zimeshasimama juu ya njia ya maji, mpimaji anabaki anapinda kona.

Na hilo la zege umeligusa vizuri mama. Mchanga wetu wa Mtwara unanyonya maji haraka sana ukiachwa wazi. Ukifunika uwanja wote kwa zege au paving iliyobanwa, maji yaliyokuwa yanazama palepale yanakuwa mali ya jirani wa chini. Kwenye LEED ND kuna pointi za maji ya mvua zinazotolewa kwa kubakiza maji kwenye eneo lako, na kwetu hiyo inapatikana kwa kuacha nusu ya uwanja ni udongo na miti na kuchimba shimo la kokoto pale maji ya bati yanapodondokea. Mtaa mzima ukifanya hivyo wa bondeni anapumua.

Kwa anayenunua kiangazi, angalia haya. Ukiona matete au majaruba ya zamani ya mpunga, hapo maji yanakaa. Angalia mashina ya mikorosho, tope likiwa limekauka kwenye shina usawa fulani ndio kimo cha maji. Muulize mama anayelima jirani, sio dalali. Na pima mwinuko mwenyewe, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaotumia kupatia levo, ujaze maji uhakikishe hauna hewa, mmoja ashike ncha barabarani na mwingine ncha ya pili katikati ya kiwanja, maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Pima kutoka kwenye usawa huo hadi chini kila upande. Kama katikati ya kiwanja pako chini ya barabara kwa futi mbili, mjue barabara ikiinuliwa kwa kifusi na lami nyie mmekuwa bwawa.

Ngongo Lindi:

Huu uzi umenigusa, niongezee ya Lindi. Sisi mji wetu uko kati ya vilima na bahari, maji ya Mtanda yote yanashuka mjini, na chini kuna mikoko ya ghuba na mdomo wa Lukuledi. Sasa kuna watu wanauza viwanja karibu kabisa na mikoko, tangazo linasema "upepo wa bahari, mandhari ya asili". Wengine mikoko imeshakatwa boriti. Tangu maneno ya mradi wa gesi wa Likong'o yaanze kila kipande cha pwani kina mwenyewe.

Watu wamesahau bahari hii. Wazee wanahadithia kimbunga kilichoipiga Lindi April 1952. Mwaka 2019 Kenneth kilipita jirani kikaenda kuua Msumbiji, Mtwara watu walishahamishwa. Mei 2024 kikaja Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga tukabaki hatuna njia ya Dar kwa siku kadhaa, mafuta na bidhaa shida. Mtu anayekuuzia mita 20 kutoka kwenye maji anakuuzia nini?

Mikindani Damu:

Anakuuzia kesi ndugu yangu. Hiyo Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kingo za mto, ziwa au bwawa. Mita 60 pima kwa futikamba, usikubali hatua za dalali.

Na mikoko msiione kama kichaka, inavunja nguvu ya mawimbi, inashika udongo, samaki na kamba wanakulia humo. Mtaa uliokata mikoko yake ili upate mandhari umejitoa wenyewe kwenye hivyo vyeti kwenye sharti la ardhi oevu, hata uweke sola juu ya kila bati.

Fundi wa Ligula:

Wakuu mimi ni fundi ujenzi, nachangia kwa upande wa nyumba yenyewe. Joto la huku watu wanapambana nalo kwa feni na kiyoyozi wakati nyumba ilikosewa kukaa tu. Mtwara tuko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, jua letu la kuumiza ni la mashariki asubuhi na la magharibi kuanzia saa tisa mpaka linazama. Nyumba ndefu inatakiwa ilale mashariki magharibi, ile mikuta mifupi isiyo na madirisha makubwa ndio ipigwe na jua, na madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Bahati yetu na upepo wetu ndio huohuo, miezi ya kusi unatoka kusini, kaskazi ikifika unatoka kaskazini, dirisha kwa dirisha linalotazamana nyumba inapoa yenyewe usiku.

Lakini kiwanja chenyewe kikichorwa kimeangalia magharibi, kiwanja chembamba mbele barabara, mwenye nyumba anataka sebule iangalie barabarani, mimi fundi nifanyeje? Hapo namuunga mkono mleta uzi, mchoro unaamua mpaka bili ya luku.

Kuhusu kimbunga, kenchi (mbao za kubeba paa) zifungwe na nondo zilizotoka kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), sio msumari peke yake. Paa linaloteremka pande nne linavumilia upepo kuliko la pande mbili. Na baraza lipewe paa lake pembeni, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa, upepo ukilinyanyua la baraza, lile kubwa linabaki. Vifaa sasa. Matofali ya kufungamana yanatumia simenti kidogo kwenye kuunganisha, ila udongo upimwe kwanza, huu mchanga wa pwani peke yake haushikani. Chokaa ya kuchoma matumbawe naomba tuachane nayo kabisa, simenti inatengenezwa hapahapa Msijute, hakuna sababu ya kuvunja mwamba wa bahari kupiga lipu.

Binti Newala:

Kaka zangu naomba kuuliza, mimi nafanya kazi Dodoma nataka kujenga nyumbani Mtwara. Hivi nikiwa na nyumba yenye hicho cheti cha EDGE benki itanipa mkopo kirahisi? Alafu mtaa ukishapata cheti unakaa nacho milele au unapimwa tena?

Mikindani Damu:

Dada Binti Newala, kwa upande wa benki mambo ya fedha za kijani yameanza nchini, CRDB walitoa hatifungani ya kijani mwaka 2023, yani walikopa kwa wawekezaji hela za miradi ya mazingira. Lakini mwenye faida kubwa na EDGE ni anayejenga nyumba nyingi za kuuza au jengo la biashara, kwasababu wakopeshaji wanapenda kipimo kinachohesabika. Kwa nyumba moja ya familia uliza benki yako moja kwa moja, usinunue kiwanja kwa ahadi ya dalali kwamba mkopo utakuja.

Kuhusu kudumu, hapo kuna mtego mwingine. LEED ND wanatoa vyeti vya aina mbili, cha mpango na cha mtaa uliokwisha jengwa. Cha mpango mwendelezaji anaweza kukitumia kutangaza wakati bado kuna mikorosho tu na mabango. Kwahiyo ukionyeshwa cheti soma kimeandikwa mpango au umejengwa, na angalia jina la mradi na tarehe, maana orodha ya miradi ya LEED na ya EDGE iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina unatafuta mwenyewe. Mradi usioonekana kwenye orodha ya wenye cheti usiamini kwamba una cheti mpaka uthibitishiwe. Usiogope kumwambia muuzaji nimetafuta sijauona.

Mmakonde wa Ughaibuni:

Nipo Ujerumani kwa masomo, niwape mfano mmoja. Mji wa Freiburg kuna mtaa unaitwa Vauban, ilikuwa kambi ya jeshi la Wafaransa, wakaondoka 1992. Wakazi wenyewe walijiunga vikundi vikundi, kila kikundi kikapewa kiwanja wakajenga nyumba za ghorofa kwa pamoja. Magari yanaachwa pembezoni kwenye maegesho, ndani watoto wanacheza barabarani, miti mikubwa ya zamani ya kambi haikukatwa. Tramu ilifika 2006. Dunia nzima inaenda kujifunza pale na jina lake halikutokana na cheti chochote, lilitokana na wakazi kukaa mezani na halmashauri kabla ya kujenga. Mimi naona vikundi vyetu vya vikoba na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaweza kabisa kununua shamba kwa pamoja wakapanga mtaa wao.

Chuno Kwetu:

Hapo kwenye vikundi nimeelewa. Sisi tuna kikundi cha bodaboda na mama lishe, tulikuwa tunafikiria kununua eka kadhaa Naliendele tugawane 20 kwa 20. Swali langu ni maji na vyoo, kila mtu atachimba kisima chake na choo chake si ndio?

Mikindani Damu:

Hapana kaka, naomba hapo msimame kwanza, hili ndio kosa linalorudiwa kila kona ya mji.

Umbali unaopendekezwa kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30. Sasa kiwanja cha 20 kwa 20 ukipima kutoka kona hadi kona iliyo mkabala unapata mita 28 na kidogo. Yani hata uweke choo kona moja na kisima kona nyingine haufiki mita 30, na hapo bado choo cha jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Mchanga wetu unapitisha maji haraka kwahiyo na uchafu unasafiri. Kisima kifupi kwenye mtaa wa 20 kwa 20 ni maji ya choo yaliyochujwa na mchanga, sitaki kulipamba hilo. Viwanja vya ukubwa huo ni vizuri, vinaokoa ardhi, vinapunguza urefu wa bomba, nyaya na barabara, ila vinadai maji yawe ya pamoja. Ama bomba la mamlaka ya maji, ama kisima kirefu kimoja kilichopimwa sehemu ya juu ya eneo, mbali na vyoo vyote, na tanki la mnara. Hicho kisima kiwekewe kiwanja chake kwenye mchoro tangu mwanzo.

Alafu mvua. Bati la mita za mraba 100 kila milimita moja ya mvua inakupa lita 100. Mwaka wenye milimita 900 ni lita 90,000, ukitoa inayomwagika na kuoshea bati baki na 72,000. Familia ya watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, hiyo mvua inakaribia kutosha mwaka mzima! Kinachotushinda ni pa kuiweka. Mvua yetu inakuja msimu mmoja, ikikata Aprili au Mei unasubiri mpaka Novemba, Disemba. Simtanki la lita 5,000 linakaa siku 25 tu. Kwahiyo kikundi mkiwa na hela kidogo ya pamoja, kabla ya geti na kabla ya ukuta, jengeni tanki kubwa la chini ya ardhi pale shuleni au msikitini au ofisi ya mtaa penye bati pana, maji hayo yawe ya miezi mikavu.

Na eneo la wazi. Kila mchoro una eneo la wazi na kila mtaa umelipoteza. Linapotea kwasababu halina mwenyewe na halina shughuli, mwaka wa tatu unakuta limeuzwa au kuna kibanda. Mtoto anabaki kucheza barabarani kwenye bajaji. Eneo hilo kikundi kikabidhiwe kwenye kumbukumbu za mtaa kwa maandishi na muhtasari wa kikao, pandeni miti mwaka huohuo wa kwanza, wekeni goli. Mikorosho mikubwa iliyopo msiing'oe yote kwa ajili ya kupiga bikoni, pangeni barabara ipite pembeni yake, kivuli cha mkorosho wa miaka thelathini hamtakipata tena nyie mkiwa hai.

Mama Swaumu Kiyangu:

Na taka je? Maana huku kwetu zinachomwa kila jioni, plastiki, pempasi, kila kitu, moshi unaingia ndani.

Mikindani Damu:

Mama taka za nyumbani kwetu nyingi ni za jikoni, maganda ya mihogo, majani, vumbi la uwanjani. Hizo zikitengwa mlangoni zinakuwa mbolea ya bustani na mzigo wa gari unapungua sana, zinazobaki ndio ziende dampo la Mangamba. Gari la taka haliingii mtaa ambao haliwezi kugeuza, kwahiyo tunarudi kwenye mchoro tena, barabara ziungane, zisiishie kwenye ukuta wa mtu. Barabara ikiunganika linaingia gari la taka, zimamoto, na mgonjwa anatoka usiku.

Ngongo Lindi:

Mkuu swali la mwisho kwangu. Mchoro ukishaidhinishwa na ukaona umekosewa, unaweza kubadilishwa?

Mikindani Damu:

Unaweza lakini ni mlolongo mpya, na kama watu wameshalipia na kupewa hati ni mgogoro. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri ndio mamlaka ya upangaji kwenye eneo lake, kwahiyo mlango ni ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya mtendaji wa mtaa. Nendeni kabla. Ombeni kuona mchoro, kwa adabu lakini kwa maandishi, barua yenye majina na sahihi za kikundi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Andikeni mnachotaka wazi: mkuza wa maji una upana gani na unatoka wapi kwenda wapi, kisima kiko kiwanja namba ngapi, shule ya msingi mtoto atatembea mita ngapi, barabara ipi inaungana na mtaa wa jirani. LEED kipimo chao kwa kituo cha basi ni mita 400 za kutembea, nyie wekeni kipimo chenu, hata dakika kumi za mguu za mama mwenye ndoo.

Chuno Kwetu:

Sawa kaka, nimekuelewa sana na nimeituma hii kwenye grupu letu. Jumamosi tunaenda Naliendele kuangalia lile shamba, tumekubaliana hatulipi hata kishika nafasi kabla ya kuona mchoro. Kuna mtu wa maeneo yale atuonyeshe mkondo wa maji unapita wapi?

Fundi wa Ligula:

Mimi nina saiti upande huohuo, nitawasubiri barabarani saa mbili asubuhi. Nitakuja na mpira wa levo wa mita 30 na futikamba, nyie njooni na vigingi na kalamu, na mje na yule mama mwenye shamba la jirani, msimwache.